Maneno Aliyoachiwa Levina

Modest Shigela hakuwa mmbea. Nalitanguliza hili kwa sababu tangu yale ya Bukene yatokee, watu wa Cheyo wamemsema kwa kila jina, na mengine ni ya kumwonea tu. Mwiteni mzembe, sawa. Mwiteni mwoga, hapo sitabishana na mtu. Lakini mdomo wake aliujua, na masikio yake aliyajua zaidi, na balaa lenyewe lilipitia hapo hapo kwenye masikio.

Tabia hiyo ilikuwa ya ukoo. Babu wa baba yake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale waliobeba mizigo ya watu kutoka Unyanyembe hadi pwani na kurudi. Sifa yake inayosimuliwa kwao mpaka leo si ubavu. Wanasema hakuwahi kulegeza fundo la mzigo wa mtu, hata pale njaa ilipowakamata porini mbele ya Tura na mwenzake akamnong'oneza kwamba mle ndani mna mchele. Kisha akaja baba mtu, mzee Ezekia, akafanya kazi ya reli hapo hapo stesheni ya Tura. Enzi hizo simu ya reli ilikuwa waya mmoja kwa stesheni nyingi. Ukiinua mkono wa simu kuulizia treni ya mizigo, unakuta wawili wanagombana kuhusu mke wa mmoja wao, na stesheni tatu zimetulia kimya zinasikiliza. Mzee Ezekia akikuta maneno yasiyo ya treni, alikuwa anaurudisha mkono wa simu taratibu, bila kishindo. Modest akiwa mdogo, amekaa sakafuni pale na kipande chake cha muwa, aliona hivyo mara nyingi. Siku moja akauliza kwa nini hasikilizi kama wenzake. Baba yake akamwambia, hayo si yetu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi mtoto huyo akakua, akapenda kinanda cha kanisani, akakigonga mpaka kikamkubali, na utu uzima ukamkuta prodyuza mjini Tabora. Studio yake ni chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga pale Cheyo. Kutani amebandika trei za mayai, mlangoni amening'iniza godoro kuukuu ili kelele za bodaboda zisiingie kwenye maiki. Kompyuta ni ya mtumba. Programu yake ya kutengenezea muziki ni toleo la zamani, kwa kuwa toleo jipya kompyuta ile haiwezi hata kulifungua.

Na programu hiyo ilikuwa na madeko, jamani. Ilitengenezwa kwa ajili ya sauti. Picha inaipokea kwa shingo upande, ili tu mpiga kinanda aone mdomo wa mwimbaji wakati anapanga muziki, na hata hiyo picha iwe ya aina mbili tatu ilizozizoea. Simu za siku hizi zinarekodi video kwa aina mpya iliyobanwa isile nafasi. Ukiilisha programu ya Modest video ya namna hiyo, inakuonyesha kisanduku cheusi kitupu, au inakuletea sauti bila picha, au inajizima yenyewe na kuondoka na kazi yako ya asubuhi nzima. Kwa hiyo kila video ya mteja lazima kwanza ipite kwenye programu nyingine, ya kubadilishia, iitoe kwenye aina mpya na kuirudisha kwenye aina ya kizamani. Halafu kuna ugonjwa mwingine: picha za simu hazina mwendo mmoja, mara zinakimbia mara zinasinzia, na ukishabadilisha unakuta mwimbaji amefunga mdomo na sauti bado inaimba. Wengine hapo hukata tamaa. Modest alikuwa anakaa na kuvikutanisha, sekunde kwa sekunde, mpaka mdomo na sauti vielewane. Kwaya za vigango kuanzia Tura hadi Bukene zilimfuata kwa kazi hiyo, na alistahili.

Alikuwa na desturi nyingine moja iliyompendeza kila mtu, nami nikiwamo. Memori ya mteja haikutoka kwake ikiwa na kazi peke yake. Baada ya kuweka kazi uliyomtuma, nafasi inayobaki alikuwa anaijaza nyimbo: za kwaya, za mavuno, za ngoma alizozirekodi mwenyewe vijijini. Alikuwa anasema kurudisha memori yenye faili moja ni sawa na kurudisha sahani ya jirani bila kitu ndani. Mama zetu hawakutufundisha hivyo.

Mwaka jana kiangazi kikiwa kinaishia, akaja kwake mama mmoja kutoka Bukene, anaitwa Koleta, mkulima wa karanga na mpunga, kichwani kajifunga kitambaa cheusi. Alifuatana na Festo, mwenyekiti wa kwaya ya kigango chao. Modest alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba baba, akakaa, akafungua pindo la kanga. Ndani mlikuwa na memori moja ndogo, kama ukucha, imefungwa kwenye karatasi ya daftari.

Memori ilikuwa ya mwanawe, Minza. Minza alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya ile, na figo zilikuwa zimemmaliza mwaka uliotangulia, akiwa na miaka ishirini na saba. Aliacha mtoto mmoja wa kike, Levina, ambaye sasa alikuwa anaingia mwaka wa sita. Baba wa mtoto tusimtaje, alishaondoka kabla hata ugonjwa haujajulikana. Minza alipoona siku zake zinakwisha, aliomba aegemezwe ukutani, simu isimamishwe juu ya kigoda mbele yake, watu wote watoke nje. Akajirekodi. Kwanza aliimba wimbo alioutunga mwenyewe, ambao kwaya ilikuwa haijaujua. Baada ya wimbo akasema maneno ya kumwachia mwanawe. Alipomwita mama yake arudi ndani, alimwagiza hivi: wimbo ni wa kila mtu, uimbeni. Yale ya baada ya wimbo ni ya Levina. Msiyafungue mpaka siku ya kuondoa nguo nyeusi, mkae naye myasikilize wote pamoja. Siku tisa baadaye akafa.

Na Koleta alitii. Hebu fikirini mama amebaki na mtoto wa marehemu, sauti ya marehemu iko kwenye simu mkononi mwake, mwaka mzima, naye anatii. Alikuwa anausikiliza wimbo karibu kila siku. Ukiisha, Minza anavuta pumzi, anasema, "Levina, mwanangu," na hapo Koleta anazima. Hakuwahi kupita hapo. Simu yenyewe ilikuja kutumbukia kwenye ndoo ikafa, ikabaki memori peke yake, na maneno yale hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuyasikia zaidi ya aliyeyasema.

Sasa siku ilikuwa imekaribia. Misa ya kumbukumbu ilipangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na baada ya misa Koleta angevua kitambaa. Festo alieleza shida yao: sauti ya wimbo iko chini, upepo unavuma dirishani, wanataka usafishwe, uwekewe kinanda, na video nzima itolewe kwa aina ambayo televisheni kubwa ya kigango itaikubali. Modest alisema inawezekana. Koleta alizungumza alipokuwa anaikabidhi ile memori.

"Wimbo upambe unavyojua. Maneno ya mwisho yaache yalivyo, yanamngoja Levina."

"Halitapungua hata neno moja, mama," Modest akasema.

Hakumkataza kuyasikiliza. Nawaomba mlishike hilo. Koleta hakumkataza, wala Festo hakumkataza.

Walipoondoka alikaa kazini. Memori ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, picha za mbuzi, za sikukuu, za mtoto akiota meno, na ile video ya dakika kumi na tatu na ushee. Sasa mtu mwingine angenakili video akaiacha ya asili pale ilipo. Modest aliikata memori nzima akaibandika kwenye kompyuta, ili memori ibaki safi tayari kwa nyimbo za kumfariji mama wa watu. Aliwaza zawadi kabla ya kazi. Picha nyingine akazihifadhi vizuri kwenye flashi yake, akaiacha ile video kwenye diski.

Akaipa programu ile video. Kisanduku cheusi. Alilitarajia hilo, hakusononeka. Lakini programu yake ya kubadilishia, ile aliyoizoea miaka na miaka, ilikuwa imeondoka mwezi uliopita virusi vilipoila kompyuta ikabidi ifutwe na kuanzishwa upya. Akatafuta nyingine ya bure mtandaoni, akaishusha. Ilipofunguka ilileta tangazo refu la Kiingereza, mistari kama kumi, na kitufe cha kukubali. Akabonyeza kukubali. Nani kati yetu husoma yale? Tangazo lilikuwa linasema kwamba asiyelipia atabadilishiwa nusu tu ya faili lake. Lilisema wazi kabisa, nimelisoma mwenyewe baadaye kwa macho yangu.

Kilichotoka kilifunguka vizuri kwenye programu ya muziki. Minza huyo ameegemea ukuta wa tope, kanga mabegani, uso umevimba kwa ugonjwa, nyuma yake kalenda ya mwaka ule wa ugonjwa. Alipoanza kuimba, Modest aliacha kila kitu akasikiliza. Alikuwa amerekodi mamia ya waimbaji, na aliniambia hajawahi kukutana na sauti ambayo mwili umeshaiacha na yenyewe bado haina habari. Siku mbili hakupokea mteja mwingine. Aliondoa upepo. Alivuta sauti ikutane na midomo pale simu ilipokuwa imesinzia, sehemu kumi na saba, anazihesabu mpaka leo. Akaweka kinanda chini kwa chini, kidogo tu. Kazi yote hiyo aliifanya akiwa ameikuza picha ya wimbo ikaenea skrini nzima, wala hakuvuta kuona kule kulia mwa skrini faili linaishia wapi.

Siku ya pili mchana alisikiliza wimbo mzima kwa mara ya mwisho, hedfoni masikioni. Wimbo ukaisha. Minza akavuta pumzi, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akasema, "Levina, mwanangu," na mkono wa Modest ukabonyeza kusimamisha. Hakufikiria. Mkono wenyewe ulikwenda, taratibu, kama ule wa mzee Ezekia. Akavua hedfoni akaziweka mezani. Hayo yalikuwa si yake.

Ilikuwa imebaki sekunde nne. Jamani, sekunde nne! Angeuacha mkono wake utulie kwa muda wa kukohoa tu, angeona picha inakatika, angeshtuka, angerudi kwenye faili la asili ambalo wakati huo lilikuwa bado limekaa kwenye diski lote zima, dakika zake zote kumi na tatu. Mwenye umbea kidogo angepona hapo.

Yeye akaenda kutoa kazi iliyokamilika. Kompyuta ikakataa, nafasi haitoshi, diski imejaa kwaya za Krismasi. Akatazama nini kifutwe. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa ile video ya asili, na kwa akili yake ilikuwa imeshabadilishwa, ya nini tena. Akaifuta. Akamwaga na pipa la taka la kompyuta ili nafasi ipatikane. Kazi ikatoka. Akaiweka kwenye memori ya Koleta pamoja na picha zile za mbuzi na za mtoto, kisha akakaa kuchagua nyimbo kwa uangalifu mkubwa, za faraja, za matumaini, moja ya mavuno ambayo Festo alimwambia Minza alikuwa anaipenda. Akajaza mpaka memori ikakataa kupokea.

Ana desturi ya kuandika urefu wa kazi juu ya bahasha. Akachukua kalamu, akatazama kwenye skrini, akaandika dakika sita na sekunde arobaini. Alishaanza kuilamba gundi ya bahasha ndipo alipojiuliza mbona fupi.

Nilimkuta kesho yake kwa Sabiri, fundi wa kompyuta karibu na soko, kijana mtulivu anayejua kufufua vilivyofutwa. Modest alikuwa na macho ya mtu aliyefiwa. Sabiri alimwuliza swali moja tu kabla ya kuanza, kama kuna kitu chochote kimeandikwa juu ya memori ile baada ya video kutolewa. Modest akamwambia amejaza nyimbo. Sabiri akamtazama, akachomeka memori. Alihangaika nayo kutwa nzima, na diski ya kompyuta akaihangaikia kesho yake. Kwenye diski, ile kazi iliyokamilika ilikuwa imekaa juu ya mahali pale pale ilipokuwa video ya asili. Kwenye memori zilikuwa zimekaa nyimbo. Kilichorudi ni ukingo wa kalenda na sauti ya mvumo isiyo na neno ndani yake. Sabiri alimweleza kwa upole kwamba memori ikikatwa vitu, vitu vyenyewe havitoki mpaka vingine vije kuvikalia, na kama angeletewa ikiwa tupu pengine angevipata vyote. Upole ule ulimuumiza Modest kuliko tusi.

Zilibaki siku nne. Alimpigia Festo mara tatu. Mara mbili alikata kabla simu haijapokelewa. Mara ya tatu Festo alipopokea, Modest aliuliza misa inaanza saa ngapi, akajibiwa saa nne, akashukuru. Hapa simtetei. Alijiambia habari ya namna ile haisemwi kwenye simu, ataisema ana kwa ana, atawahi kufika, atamvuta mama pembeni kabla ya watu kukusanyika. Wote tumewahi kujiambia vitu vya namna hiyo.

Jumamosi alifika Bukene akiwa wa kwanza kuteremka kwenye gari. Koleta alimwona kwa mbali akaja kumpokea mwenyewe, akamshika mikono miwili, akawaambia wanawake waliokuwa wanachambua mchele kwamba huyu ndiye amemleta Minza. Wanawake wakaacha mchele wakaja kumsalimia. Modest alisema, mama, nina neno. Koleta akamwambia neno litasubiri chai. Baada ya chai alisema tena nina neno, na safari hii kengele ya misa ikagonga. Angeweza kumshika kanga. Angeweza kusimama njiani. Alikwenda misani na wengine, akakaa nyuma, na hakuna sala hata moja aliyoisikia.

Televisheni ya kigango iliwekwa juu ya meza uani kwa Koleta, chini ya turubai, imegeuzwa isipigwe na jua. Watu walikuwa kama mia. Levina alikaa mkekani mbele kabisa, amevalishwa gauni jeupe, nywele zimesukwa siku hiyo hiyo. Mezani kando ya televisheni palikuwa na kitambaa kipya cha maua kimekunjwa, cha Koleta kuvaa atakapovua kile cheusi. Mashangazi walitaka avue kwanza, kama desturi ilivyo, ndipo video ifuate. Akakataa. Alisema mwanawe aliagiza siku hiyo iwe ya kusikiliza, basi atasikia kwanza, atavua akishasikia.

Festo akachomeka memori aliyopewa na Modest, akabonyeza rimoti. Minza akatokea.

Siwezi kuwaeleza wimbo ule ulivyopokelewa. Kazi ya Modest ilikuwa njema, hilo nalo lisemwe, mdomo na sauti vilikwenda pamoja mpaka watu wakasahau kwamba aliye mbele yao hayupo. Wanakwaya walianza kuitikia, na hawakuwahi kufundishwa. Wazee walitazama chini. Levina hakulia. Alikuwa anatazama tu, midomo yake inafuata ya mama yake. Modest alikuwa amesimama nyuma ya watu, anaomba kitu ambacho hata yeye alijua hakiombeki.

Wimbo ukaisha. Minza akavuta pumzi, akatabasamu kwa upande mmoja, akasema, "Levina, mwanangu." Akalamba midomo iliyokauka. Akaufungua mdomo. Picha ikasimama hapo.

Watu wakangoja. Mmoja akasema ni umeme, mwingine akasema umeme ungezima televisheni. Festo akabonyeza rimoti, akaigonga kiganjani, akarudisha nyuma, Minza akalamba midomo tena, akaufungua tena, akasimama tena. Mara ya tatu Koleta akageuka taratibu kwenye kiti chake, akawapitia watu kwa macho mmoja mmoja mpaka akamfikia Modest. Alipouona uso wake akanyanyuka. Akamwashiria kwa kichwa waingie ndani.

Ndani ni kile chumba cha ile video. Kigoda kilikuwepo. Kalenda ilikuwepo, haikuwa imebanduliwa. Modest alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo akaeleza kila kitu bila kujificha popote: kukata badala ya kunakili, tangazo asilolisoma, diski iliyojaa, faili alilolifuta kwa mkono wake, nyimbo za zawadi, Sabiri, simu aliyokosa ujasiri wa kuisemea. Koleta alisikiliza amesimama, mkono ukutani, pale kwenye alama ya mgongo wa mwanawe. Mengi ya kompyuta hakuyaelewa. Aliyaelewa ya kutosha.

Kisha akavuta kigoda akakaa, na uso wake ukabadilika, ukawa kama umepata pa kushika. Modest anasema tumaini lile usoni mwa mama ndilo linalomrudia mpaka leo, si hasira, hasira angeizoea.

"Lakini ulikaa nayo siku mbili," akasema. "Siku mbili nzima iko mikononi mwako, na mwanzoni ilikuwa kamili. Niambie tu alisema nini. Niambie hata kama ni nusunusu, mimi nitamwambia mtoto."

"Sikusikiliza, mama."

"Hukusikiliza."

"Nilizima pale anapomwita. Niliona hayo si yangu. Niliona ni heshima."

Koleta alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Nje kwaya ilikuwa imeanza wimbo mwingine kuziba kimya, wimbo wa kila Jumapili.

"Na mimi nilizima," akasema. "Mwaka mzima nazima. Alisema tungoje, nikangoja." Akaushika ukingo wa kitambaa cheusi kichwani, akauvuta kidogo, akauachia. "Ungesikiliza, baba. Ungeniibia. Leo ningekutukana mbele ya watu wote hawa, ningekufukuza hapa kwa fimbo, na maneno ningekuwa nayo."

Koleta akanyanyuka, akajifuta uso kwa kiganja, akatoka uani na kitambaa chake cheusi kichwani. Watu walikuwa wamesimama makundi makundi, Festo ameinama kwenye nyaya. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuzima televisheni. Levina alikuwa bado amekaa peke yake mkekani, anautazama ule mdomo uliofunguka, na bibi yake alipomwinamia amwondoe, mtoto akamwambia angoje, mama anataka kusema.